Tepu ya LTO-6 inajaa kwenye 2.27 badala ya 6.25, draivu haibani data au mimi ndo nimekosea?

mtunza_seva

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nilipo bosi ameshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Tuna draivu moja ya LTO-6 (LTO ni aina ya tepu za kuhifadhia data, hii ni kizazi cha sita) imefungwa kwenye seva ya bakapu, Linux, programu tunayotumia ni Bacula. Boksi la tepu limeandikwa 6.25TB kwa maandishi makubwa na mimi nikapiga hesabu na namba hiyohiyo, data yetu yote ni kama 9.5TB, nikasema tepu mbili zinatosha bakapu nzima ya wiki na chenji inabaki. Nikaandika dokezo, likapita, zikanunuliwa tepu za mzunguko wa wiki nne, mbili mbili. Sasa mwezi wa pili huu na kila wiki zinakwenda tepu NNE. Nimeanza kuandikia juu ya bakapu za wiki mbili nyuma, kitu ambacho mkaguzi akikiona sijui ntajitetea vipi.

Zinavyojaa ni hivi, skripti yangu ndo inatoa hizi hesabu: ya kwanza 2.27, ya pili 2.27, ya tatu 1.73, ya nne inaishia katikati. Yaani hata nusu ya ile 6.25 haifiki.

Nilichojaribu mpaka sasa, nimewasha kompresheni kwa mt (`mt -f /dev/nst0 compression 1`), ikakubali kimya kimya haikusema ndiyo wala hapana. Nimezima seva nikawasha. Nimebadilisha kebo ya SAS. Hakuna kilichobadilika. Halafu kuna jambo jingine sijui kama linahusiana, bakapu inaanza Ijumaa saa 12 jioni na Jumatatu saa 2 asubuhi watu wanaingia kazini bado inaendelea, na ukisimama karibu na draivu unaisikia inalia kwiii, inanyamaza, inarudi nyuma, kwiii tena, inanyamaza. Usiku kucha hivyohivyo.

Data zenyewe ni za kawaida tu za ofisi. Je chipu ya kubana ndani ya draivu imekufa? Nianze kutafuta draivu nyingine?

kishoka_digitali

Hizo tepu feki mkuu. Siku hizi hata maji ya chupa yana feki sembuse tepu. Badilisha tepu kwanza afu uje.

bi_hifadhi

Kishoka, tepu feki isingejaa kwenye 2.27 mara mbili mfululizo kwa usawa ule, angalia namba vizuri.

Mtunza_seva, usinunue draivu. Tuanze na hiyo 2.27 maana ndo inayoongea kuliko zote hapo. Skripti yako bila shaka inagawanya kwa 1024 kila hatua. Watengenezaji wa tepu wao wanagawanya kwa 1000. Zidisha 2.27 kwa 1.0995 unapata karibu 2.5 kamili. Na 2.5TB ndo ukubwa halisi wa tepu ya LTO-6, ile namba ndogo iliyojificha kwenye lebo. Kwahiyo tepu mbili za kwanza ziko timamu kabisa, zimepokea kila zilichotengenezewa kupokea. Kilichokosekana ni ile nyongeza tu.

Hiyo 6.25 nayo ni 2.5 mara 2.5, wanadhani kwamba data yako itabanika mara mbili na nusu. Ni lumbesa ile. Gunia ni la kilo mia, wanaongeza kofia juu na kamba wanashonea hewani, wakiweka mpunga unakaa, wakiweka mawe hayakai. Mpaka LTO-5 walikuwa wanaandika mara mbili tu (1.5TB wanaita 3TB), walipofika LTO-6 mwaka 2012 wakapandisha hadi mara 2.5. Kisa chenyewe kipo lakini, hawakubuni tu hewani: ile sehemu ya draivu inayobana inafanya kazi kwa kukumbuka baiti zilizopita na kutafuta kama maneno yaleyale yamejirudia, LTO-5 na za nyuma yake zilikuwa zinakumbuka kilobaiti 1 tu, kuanzia LTO-6 ikawa kilobaiti 16. Kumbukumbu ikiwa ndefu marudio yanaonekana mengi zaidi. Ila data isiyo na marudio haisaidiwi na kumbukumbu ya urefu wowote.

Hiyo tepu ya tatu ya 1.73 (yaani 1.9TB) ni ugonjwa mwingine kabisa, usiichanganye na huu. Ntairudia.

Kabla ya yote tuone draivu yenyewe inasema nini. Kompresheni kwenye LTO inakuja imewashwa toka kiwandani kwahiyo amri yako ya mt huenda haikubadilisha kitu. Fanya hivi:

`tapeinfo -f /dev/sg3`

(weka namba yako ya sg, utaiona ukipiga `lsscsi -g`). Tafuta mstari wa DataCompEnabled. Halafu tepu ikiwa bado ndani baada ya bakapu kuandikwa:

`sg_logs -p 0x1b /dev/sg3`

Hapo itakupa uwiano wa kuandika ukiwa umezidishwa mara 100. Ikisema 250 ina maana 2.5. Ikisema 100 ina maana hakuna kilichobanwa.

Na tafadhali "data za kawaida za ofisi" ndo zipi? Nitajie aina na ukubwa, hapo ndipo jibu lilipo.

mzee_wa_tepu

Vijana salaam. Mimi nimeanza na tepu za DDS zile ndogo kama za redio, tumezila sana. Ushauri wangu, kama data haibaniki ZIMA kompresheni ya draivu kabisa. Tuliwahi kupata tepu inapokea pungufu ya ukubwa wake halisi kwa sababu draivu inajaribu kubana kitu kisichobanika kinavimba badala ya kupungua. Tukazima, ikakaa sawa.

bi_hifadhi

Shikamoo mzee. Kwa draivu za wakati ule uko sahihi kabisa, zilikuwa zinavimbisha. LTO walilijua hilo, ule mtindo wao (SLDC unaitwa) una njia mbili, ikiona data haibaniki inahamia njia ya pili inaipitisha kama ilivyo, inarudi ikiona inabanika. Kinachoongezeka ni kiduchu mno hata hukioni. Kwahiyo kwa LTO kuiacha imewashwa hakuna hasara.

mzee_wa_tepu

Marahaba. Basi hapo nimejifunza. Tulishazoea kuzima tu.

pwani_kamera

Mimi niko Mombasa hapa, kazi yetu ni kuhifadhi video za kamera za ulinzi, LTO-7. Tepu ni 6TB, boksi linasema 15. Tangu nianze sijawahi kuona hata 6.1. Video ya kamera imebanwa tayari kwa H.264 toka kwenye kamera yenyewe, draivu itabana nini tena? Nilimwambia mkubwa wangu mapema, ile namba kubwa ifute kichwani, hesabu kwa ndogo. Sasa hivi tunaishi kwa amani.

Lakini hiyo kwiii kwiii ndugu yangu usiipuuze. Hapo draivu inang'arisha viatu. Umemuona yule kijana wa kupiga brashi barabarani, mbele nyuma mbele nyuma? Ndivyo tepu inavyofanywa. Data inakuja polepole, bafa (akiba ya muda ndani ya draivu) inaisha, draivu inasimama, inarudi nyuma kutafuta pa kuanzia, inaanza tena. Tepu inasuguliwa na hedi (kichwa cha kuandikia na kusomea) inasuguliwa.

mtunza_seva

Asanteni sana wakuu. Dada bi_hifadhi nimefanya ulivyosema (nilikuwa nakuita mkuu kichwani kumbe dada, nisamehe).

tapeinfo inasema `DataCompEnabled: yes`. sg_logs baada ya tepu ya kwanza kujaa inasema uwiano wa kuandika ni 101. Mia na moja tu!

Aina za data hizi hapa:

Majalada ya masijala yaliyoskaniwa, PDF na picha, 4.4TB. Hii ndo kubwa.
Mashine za VMware (kompyuta pepe zinazokaa ndani ya seva), 2.1TB.
Dampu (nakala nzima) za databezi za MySQL, 2.1TB. Skripti inatoa dampu kila usiku, kila moja kama 300GB, tunaweka za siku saba kwenye folda.
Folda za watu, Word, Excel, vitu vyao, 0.9TB.

Sasa hiyo 101 inamaanisha chipu imekufa au haijafa? Maana inasema imewashwa lakini haifanyi kitu.

bi_hifadhi

Kumjua kama yuko hai mpe kitu chepesi halafu kigumu. CHUKUA TEPU TUPU. Narudia tepu tupu, maana hii inaandika toka mwanzo wa tepu na kilichokuwepo hakirudi. Mimi mwenyewe niliwahi kulifanya hili kosa saa saba usiku, tepu ya mwisho wa mwaka, lebo imeandikwa vizuri tu kwa mwandiko wangu mwenyewe, sikuisoma. Zima huduma ya Bacula kwanza isije ikakuingilia.

`mt -f /dev/nst0 setblk 0`
`dd if=/dev/zero of=/dev/nst0 bs=256k count=80000`

Hizo ni sifuri tupu kama 21GB. Sifuri zinabanika kuliko kitu chochote duniani. Kama chipu iko hai spidi itapita 160MB kwa sekunde kwa mbali, maana 160 ndo spidi halisi ya LTO-6 bila kubana.

Halafu tengeneza faili la takataka kwenye diski yenye kasi kwanza, usilisome moja kwa moja kwenda kwenye tepu maana prosesa inaweza kuchelewa kuzalisha takataka ukadhani ni draivu:

`dd if=/dev/urandom of=/ssd/takataka bs=1M count=20000`
`dd if=/ssd/takataka of=/dev/nst0 bs=256k`

Hii haibaniki hata kidogo. Itabidi icheze karibu na 160 hiyohiyo.

Tofauti ikiwa kubwa kati ya hizo mbili, chipu yako nzima. Zikiwa sawa, hapo ndo uje tuongelee draivu mpya.

mtunza_seva

Nimefanya. Tepu tupu, nimeisoma lebo mara tatu.

Sifuri: 21GB kwa sekunde 65, dd inasema 322 MB/s. Draivu ilikuwa inavuma mfululizo kama feni, hakuna kwiii hata moja.
Takataka: 21GB kwa sekunde 136, 154 MB/s.

Kwahiyo iko hai! Sasa mbona kwenye bakapu yangu haibani??

bi_hifadhi

Iko hai na ina afya. Inaletewa chicha.

Ukishakuna nazi ukakamua tui la kwanza, ukatia maji ukakamua la pili, ile chicha iliyobaki hata umpe mtu mwenye mikono kama koleo hatoi tone. Ndicho unachompa huyu draivu. Twende moja moja.

Majalada ya masijala. Skana ikitoa PDF, ndani yake kila ukurasa ni picha iliyobanwa tayari, JPEG mara nyingi. Hizo 4.4TB zitakaa kama 4.4TB, hakuna namna, hata LTO ya mwaka gani.

Folda za watu. Faili la docx na xlsx la leo ni zipu ndani yake (badilisha jina la faili moja mwisho liwe .zip ulifungue, utaona). Utapata kidogo tu hapo.

Dampu za MySQL. Nakubashiria bila kuona, mwisho wa majina kuna .gz, alama ya faili lililobanwa na programu ya gzip. Skripti inabana kabla ya kuhifadhi.

Mashine za VMware ndo zingebanika vizuri. Sasa fungua faili la mipangilio ya Bacula kwenye FileSet (orodha ya vitu vya kubakapu), chini ya Options uniambie kama kuna mstari unasema `compression = GZIP`. Na kwenye ripoti ya kazi, ile inayokuja kwa imeili ambayo najua husomi, tafuta mstari wa Software Compression.

mtunza_seva

Dah. Ndiyo ni .sql.gz.

Na kwenye FileSet ipo, `compression = GZIP6`, aliiweka jamaa aliyekuwepo kabla yangu, na ni FileSet moja inatumika kwa vyote. Ripoti ya VMware inasema Software Compression 57%. Na za masijala inasema 0.3%.

Kwahiyo nikifuta huo mstari ntapata 6.25? Maana jibu naona limepatikana.

bi_hifadhi

HAPANA, na hapa ndo wengi wanapoteleza kwahiyo soma polepole.

Ukifuta GZIP, ule uwiano wa sg_logs utapanda utafurahi. Lakini tepu haitapokea vitu vingi zaidi. Gzip inabana vizuri kuliko draivu, inatazama nyuma kilobaiti 32 wakati draivu inatazama 16, na namna yake ya kuandika kilichobanwa ni ya kiuchumi zaidi. Mashine zako za 2.1TB gzip imezishusha mpaka kama 0.9. Draivu ikizibana yenyewe usishangae zikakaa kwenye 1.1 au 1.2. Umepoteza nafasi hapo wala hukupata.

Kwahiyo uwiano usiutafute. Ni namba ya kujipongeza. Hesabu mbili, tepu ngapi kwa wiki na saa ngapi kwa bakapu.

Na GZIP bado nakwambia iondoe, ila kwa sababu ya saa. Piga hesabu, umeandika kama 8.2TB kwenye tepu kuanzia Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 2 asubuhi, hizo ni saa 62, inakuja chini ya 37MB kwa sekunde. LTO-6 ina uwezo wa kupunguza mwendo kumsubiri mtu anayechelewa lakini mwisho wake ni 40 hadi 54 hivi kutegemea aliyeitengeneza. Chini ya hapo inaanza kile alichosema pwani_kamera. Prosesa inahangaika wikiendi nzima kugzip picha za JPEG za masijala ili ipunguze asilimia 0.3! Huo ni ukatili kwa prosesa na kwa tepu.

Sasa nafasi, ambayo ndo shida yako ya kweli. Kuna 1.8TB zimelala wazi hapo hujaziona. Dampu saba za databezi ileile. Databezi ya jana na ya leo zinafanana kwa karibu kila kitu, lakini draivu inakumbuka kilobaiti 16 tu, haiwezi kujua kwamba kitu hikihiki ilikiandika gigabaiti 300 zilizopita. Inaandika vyote saba kwa ukamilifu. Na kila usiku una bakapu ya mabadiliko, si ndiyo? Basi kila dampu ilishachukuliwa usiku wake. Kwenye bakapu nzima ya wiki weka ya mwisho tu.

fundi_msimbo

Naunga mkono yote, nachomekea moja tu. Mtu akija kukushauri usimbe data kwa siri ndani ya programu ya bakapu kabla haijafika kwenye tepu, jua ndo umeua kompresheni ya draivu moja kwa moja, data iliyosimbwa inaonekana kama ile takataka ya urandom. LTO kuanzia 4 ina uwezo wa kusimba ndani ya draivu yenyewe kwa AES ya biti 256, na inabana KWANZA halafu ndo inasimba. Utaratibu ni huo. Ufunguo tu usiupoteze.

kishoka_digitali

Si mnunue LTO-8 muishe na haya maneno, 12TB tepu moja.

pwani_kamera

Na hizo tepu zake za LTO-6 zenye bakapu za nyuma atazisomea wapi? LTO-8 inasoma 7 na 8 peke yake. Angalau LTO-7 inasoma za 5 na 6. Nunua wewe kwanza kishoka.

mtunza_seva

😂 Kishoka ana hela.

Dada na tepu ya tatu ile ya 1.73? Uliahidi utairudia.

bi_hifadhi

Ee nilisahau. LTO inasoma inachoandika palepale, nyuma ya sehemu ya kuandika kuna sehemu ya kusoma, ikiona bloku haikuandikika vizuri inaiandika tena mbele kidogo na haisimami wala haikwambii. Hedi ikiwa chafu au tepu ikiwa imechoka marudio yanakuwa mengi, yanakula nafasi. Unachoona wewe ni tepu kujaa mapema tu, hakuna kosa lolote kwenye ripoti. Piga `sg_logs -p 0x02` uone makosa yaliyorekebishwa, linganisha tepu ya kwanza na ya tatu. Na `sg_logs -p 0x2e` ni ile orodha ya tahadhari, kuna mstari wa Clean now.

Tepu moja ikisumbua na nyingine hazisumbui, mgonjwa ni tepu. Zote zikisumbua, ni hedi, ingiza katriji ya kusafishia. Usiingize kila wiki kama unafua nguo, ile inakwangua, ingiza draivu inapoomba. Seva iko kwenye chumba kisicho na vumbi?

mtunza_seva

Vumbi... dirisha la chumba cha seva linaangalia barabara ya vumbi na kiyoyozi kikigoma tunalifungua. Msinicheke.

mzee_wa_tepu

Hatucheki kijana, tumetoka huko. Sisi tulikuwa na popo.

mtunza_seva

Wakuu nimerudi, zimepita wiki mbili, nilitaka nione bakapu mbili nzima kabla sijaandika.

Nilichofanya: nimetenganisha FileSet, GZIP nimeitoa kwote. Dampu ya databezi nimeiacha .gz kama ilivyo ila kwenye bakapu ya wiki inaingia ya mwisho tu. Dirisha nimelipiga misumari, kiyoyozi kikigoma tunafungua mlango wa ndani.

Matokeo, Ijumaa saa 12 jioni imeanza, Jumamosi saa 8 na nusu mchana imeisha. Saa ishirini na nusu! Kwa kweli nilidhani imekufa njiani nikaenda ofisini Jumamosi kuangalia. Imeishia hapo kwenye spidi kwa sababu ya netiweki yetu ya gigabiti moja, wastani 104MB kwa sekunde, ila inavuma mfululizo, kwiii imekwisha.

Nafasi, kama dada alivyosema, mashine za VMware zimekula 1.2TB wakati na gzip zilikuwa 0.9, kwahiyo hapo nimepoteza kweli. Lakini zile dampu sita kuondoka zimefidia na zaidi, jumla kwenye tepu ni kama 6.75TB na zinatosha tepu tatu. Uwiano wa sg_logs kwa bakapu yote unakuja 1.14, ukimwonyesha mtu atasema draivu mbovu.

Tepu ya tatu ndo ilikuwa mgonjwa. Makosa yaliyorekebishwa kwake yako mbali kabisa na nyingine, na Clean now ilikuwa 0. Nilipoweka nyingine mahali pake ikafika 2.27 bila tatizo. Hiyo nimeichora X kwa maka peni iko kabatini, sijui kama sheria zinaruhusu kuitupa maana ina majalada ya watu.

Bosi nimemwandikia dokezo jipya, nimehesabu kwa 2.5 kila tepu na kuweka moja ya akiba. Ameuliza mbona boksi linasema 6.25. Nimemwambia ni lumbesa, kacheka, kasaini.

bi_hifadhi

Vizuri. Hiyo yenye X usiitupe jalalani, na usiifute kwa kuandikia juu ukadhani imekwisha. Kama mna sumaku kubwa ya kufutia au mashine ya kusagia ndo inakotakiwa iende, ukifuta kwa sumaku haiandikiki tena maana inafuta na alama za kiwandani, lakini hiyo si ulishaiaga. Kama hamna, iache hapohapo kabatini na ufunguo.

pwani_kamera

Na ukipata nafasi weka diski ya SSD ya kupokelea data kwanza kabla ya tepu, Bacula inaita Spool Data, iwashe yes. Hapo hata netiweki ikisuasua draivu inakula toka kwenye SSD kwa mkupuo.

mtunza_seva

Hiyo naanza nayo kesho, kuna SSD mbili zimetoka kwenye seva ya zamani. Asanteni sana, na mzee_wa_tepu, ile ya popo utatusimulia siku nyingine.